Karai, Sururu au Detekta: Ulinganisho wa Vifaa vya Anayeanza Kutafuta Dhahabu

Anayeanza kutafuta dhahabu Chunya, Geita au Mara, au ng'ambo ya mpaka huko Migori na Kakamega, hupewa ushauri wa kila namna. Mmoja atamwambia auze ng'ombe anunue mashine, mwingine atamwambia karai la ujenzi linatosha. Wote wanaweza kuwa sahihi kwa eneo lao na wakampotosha kwa eneo lake. Kifaa huchaguliwa kwa kuangalia ukubwa wa dhahabu iliyomo kwenye ardhi utakayoifanyia kazi, na hilo ndilo la kujua kabla ya kutoa hela.

Dhahabu ya unga, ile ambayo punje yake ni ndogo kuliko chembe ya chumvi, haisikiki kwenye detekta, yaani mashine inayotoa mlio ikipita juu ya metali, hata kama zimo punje mia ndani ya ndoo moja. Hiyo ni kazi ya maji, karai na mwalo, ule mfereji wenye matuta yanayonasa dhahabu maji yakipita. Kipande cha gramu moja kilicholala sentimita 15 chini ya udongo mkavu, mahali ambapo mto uko mbali, ni kinyume chake: ungeosha ndoo mamia kabla ya kukutana nacho, wakati detekta inaweza kukupigia mlio ukipita juu yake mara moja. Na kuna dhahabu iliyofungwa ndani ya jiwe gumu jeupe la kwazi, ambayo haitoki kwa karai wala kwa detekta mpaka jiwe lipondwe.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: fedha ya kwanza iende kwenye karai, chekeche na kifaa kizuri cha kuchimbia. Detekta inunuliwe pale tu karai, au majirani waliokutangulia, wameonyesha kwamba eneo hilo linatoa vipande.

Makarai

Kila karai linafanya kazi kwa sababu moja. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 ya maji ya ujazo uleule. Ile ya ardhini huwa na fedha ndani yake, kwa hiyo hushuka kidogo. Mchanga wa kawaida wa kwazi ni mara 2.65 tu, na mchanga mweusi wa magnetaiti ni takriban 5.2. Ukitikisa mchanganyiko huo ndani ya maji, dhahabu inazama chini kabisa, mchanga mweusi unafuata, mweupe unabaki juu. Karai bora ni lile linaloruhusu tabaka hizo kujipanga, kisha likaishika ya chini wakati unamwaga ya juu.

| | Karai la chuma la ujenzi | Plastiki, inchi 14, lenye matuta | Plastiki, inchi 10 |
|---|---|---|---|
| Uzito likijaa udongo | zaidi ya kilo 10 | kilo 6 hadi 8 | kilo 2 hadi 3 |
| Kushika dhahabu ya unga | inategemea mkono wako | vizuri | vizuri sana |
| Sumaku ndani yake | inanasa karai | inafanya kazi | inafanya kazi |
| Kukaushia juu ya moto | linaweza | haliwezi | haliwezi |
| Kazi yake hasa | kubeba, kupima haraka | kuosha kutwa nzima | kumalizia mchanga mweusi |

Karai la chuma lina faida mbili za kweli: linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na halivunjiki. Mchenjuaji mzoefu anaweza kuosha nalo unga mwembamba bila kupoteza kitu. Anayeanza hana mkono huo. Chini yake ni laini na mviringo, hakuna kitu cha kuizuia dhahabu isiteleze, kwa hiyo kosa moja la kuinamisha mno linaondoka na kazi ya nusu saa. Karai jipya pia huja limepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta ni adui mkubwa wa dhahabu ndogo: punje yenye mafuta haishiki maji, inaelea juu na kwenda zake. Ukinunua la chuma, lichome kwenye moto wa kuni mpaka moshi wa mafuta uishe na chuma kibadilike rangi kuelekea bluu, liache lipoe lenyewe, kisha lisugue kwa mchanga na maji. Usilitumie tena kubebea zege wala chakula.

La plastiki la inchi 14 ndilo tunalompendekezea mtu anayeanza. Lina matuta upande mmoja, kwa kawaida matatu au zaidi, ambayo hushika kila kitu kizito kinachotaka kuteleza. Chagua lenye matuta yaliyosimama wima au yaliyopinda kidogo kwa ndani. Yale yaliyolala kama mikunjo ya kitambaa ni mapambo tu. La Garrett la kijani linalouzwa kwa jina la Gravity Trap limeenea sana duniani, na hata yaliyoigwa kwa umbo hilo hufanya kazi, mradi plastiki iwe nene. Bonyeza ukingo kwa vidole gumba viwili. Ukikunjika kirahisi, litakunjika pia likijaa kilo saba za kokoto, na maji yatatoka upande usioutaka.

Kuhusu rangi, kijani na bluu zinaonyesha vyote viwili, dhahabu na mchanga mweusi. Jeusi linaing'arisha dhahabu lakini linakuficha mchanga mweusi, hujui umebakiza kiasi gani. Jipya lisugue kwa sabuni ya vyombo na mchanga mwembamba ndani kote mpaka mng'aro upotee, kwa sababu plastiki inayoteleza inateleza pia kwa dhahabu.

La inchi 10 ni la jioni. Baada ya kuosha ndoo kadhaa unakuwa na vikombe viwili vitatu vya mchanga mweusi, na huo haumalizwi kwenye karai kubwa.

Jinsi ya kuosha inaeleza kwa nini karai fulani linafaa kuliko jingine. Jaza theluthi mbili, lizamishe lote majini, vunja madongo ya mfinyanzi kwa vidole mpaka maji yawe tope. Mfinyanzi ambao haukuvunjwa unabeba dhahabu na kutoka nayo nje, na hapa ndipo wanaoanza wanapopoteza zaidi kuliko mahali pengine popote. Toa mawe, suuza kila moja juu ya karai. Likiwa bado ndani ya maji na limelala sawa, litikise kwa nguvu kushoto na kulia kwa sekunde 15 hadi 20. Kisha liinamishe mbele, matuta yakiwa upande wa mbali, liingize na kulitoa majini taratibu ili maji yafagie tabaka la juu tu. Baada ya kufagia mara nne au tano, lilaze tena utikise upya. Watu husahau hatua hiyo ya kurudia kutikisa, wakaendelea kumwaga mpaka tabaka la chini likapanda juu. Ukibaki na kijiko kimoja cha mchanga mweusi, acha kumwaga, weka maji kidogo na uyazungushe polepole mpaka mchanga utandazike na rangi ya njano ionekane nyuma yake.

Kipimo cha mkono wako ni rahisi. Kata risasi ndogo za kuvulia samaki vipande kumi vidogo, vifanye bapa kwa nyundo, vichanganye kwenye karai la mchanga usio na kitu, oshea ndani ya beseni. Risasi ina uzito wa mara 11.3 tu ya maji, kwa hiyo ni nyepesi kuliko dhahabu: ukirudisha vipande tisa au kumi, uko tayari kwenda mtoni. Ukirudisha sita, rudia nyumbani, ambako kilichopotea kiko ndani ya beseni. Nawa mikono vizuri baadaye, risasi ni sumu.

Chekeche

Wengi hulidharau, ilhali ndilo kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote. Ili kuondoa jiwe la ukubwa wa yai unahitaji maji yenye nguvu, na maji ya nguvu hiyo yanabeba dhahabu ya unga. Ukitenga mawe kwanza, unaosha kwa maji ya upole.

Kwenye karai, matundu ya nusu inchi (milimita 12.7) yanatosha kwa hatua ya kwanza, na robo inchi (karibu milimita 6) kwa eneo lenye dhahabu ndogo. Machekeche ya dukani hukaa juu ya ndoo ya lita 20, yamebanwa ukingoni, na hilo ni jambo zuri kwa mtu anayefanya kazi peke yake. La kutengeneza mwenyewe halina ubaya: fremu ya mbao ya sentimita 40 kwa 40, wavu wa chuma uliopigiliwa kwa mbao nyembamba juu yake ili nyaya zisichane mikono. Pima matundu kwa rula kabla ya kununua wavu, muuzaji husema robo inchi kwa kila kilicho kidogo. Kwa mchanga mweusi wa mwisho, kipande cha wavu wa mbu wa chuma kilichovutwa juu ya bakuli kinatenganisha vizuri sana.

Kabla ya kutupa mawe yaliyobaki juu ya chekeche, yaangalie yakiwa yamelowa. Kipande kikubwa cha dhahabu hakipiti matundu ya robo inchi, na kwazi lenye madoa ya kutu linastahili kupasuliwa.

Vidogo vya mfukoni

Seti zinazouzwa zikiwa zimefungwa pamoja huwa na karai, chekeche, chupa ya kufyonzea, sumaku na vichupa. Ukizilinganisha na kununua kimoja kimoja, seti ina nafuu ikiwa karai lake ni la kuridhisha, maana hivyo vingine vinapatikana mtaani. Chupa yoyote laini yenye mrija uliopenya mpaka ndani inafyonza punje. Sumaku ya spika iliyokufa inavuta mchanga mweusi. Izungushie mfuko wa plastiki kwanza. Ukiigusisha moja kwa moja utakesha ukiifuta, lakini yenye mfuko unaivuta tu nje ya mfuko na mchanga unaanguka wenyewe. Mchanga huo uangushie kwenye karai lenye maji uuoshe tena, kwa sababu magnetaiti ikiruka kwa pamoja hukamata punje za dhahabu katikati yake. Hematiti, madini mengine ya chuma yaliyomo kwenye mchanga mweusi, haivutwi na sumaku ya kawaida, itabaki. Hiyo ni kazi ya karai la inchi 10 na subira.

Matone mawili ya sabuni ya maji ndani ya beseni yanazuia unga usielee. Kichupa cha kuhifadhia kiwe cha plastiki, cha kioo kinavunjika mfukoni siku ambayo kimejaa.

Zebaki, ambayo wengine huitumia kunasa dhahabu kisha huichoma, haimo kwenye orodha hii na isiwemo. Mvuke wake unaharibu ubongo na figo, na anayeuvuta ni anayechoma pamoja na watoto walio jirani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi yake. Kwa kiasi cha dhahabu anachopata mtu mwenye karai moja, sumaku, karai dogo na chupa ya kufyonzea vinamaliza kazi.

Mwalo mdogo

Karai linapima, mwalo unazalisha. Usiununue wala kuujenga kabla karai halijaonyesha punje kadhaa kila unapoosha. Ule wa aluminiamu wa kukunja, wa urefu wa kati ya mita moja na mita moja na robo, ni mwepesi na unafungwa mtoni kwa dakika tano. Wa mbao wenye zulia au gunia chini ni wa bei ndogo, unachukua udongo mwingi zaidi, lakini haubebeki na mbao zikikauka zinapasuka na kuvuja. Mteremko wa kuanzia ni karibu sentimita 8 kwa kila mita moja ya urefu. Maji yakiwa sawa, kokoto zinabingirika na kutoka zenyewe na mchanga mweusi unakaa nyuma ya kila tuta. Mchanga mweupe ukijaza matuta, ongeza mteremko. Matuta yakibaki matupu kabisa, upunguze. Lisha kwa koleo dogo taratibu, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita, ya mwisho wa mwalo yaoshe kwa karai kila baada ya muda ili ujue kama unapoteza.

Detekta: aina mbili kwa mtu anayeanza

Detekta za dhahabu ziko za makundi mawili makuu. Za kwanza hutuma mawimbi mfululizo ya masafa fulani na hujulikana kwa herufi VLF. Za pili hutuma mapigo na kusikiliza mwangwi wake, nazo huitwa PI.

VLF ya masafa ya juu, mfano Gold Monster 1000 ya Minelab inayofanya kazi kwenye kilohezi 45, au Gold Bug 2 ya Fisher kwenye kilohezi 71, inasikia punje ndogo sana karibu na uso wa ardhi, hata sehemu ya kumi ya gramu sentimita chache chini. Ni nyepesi, bei yake ni mamia ya dola, na mtu anaielewa ndani ya siku chache. Udhaifu wake ni udongo mwekundu wenye chuma. Moramu iliyojaa chuma inaifanya ilie ovyo, na ukipunguza usikivu ili inyamaze, unapoteza punje zilezile ulizoinunulia.

PI, kama GPX 5000 ya kampuni hiyohiyo ya Minelab, inavumilia udongo huo na kwenda chini zaidi. Gharama yake ni maelfu ya dola, ni nzito, na nyingi hazitofautishi chuma na dhahabu kwa uhakika, hivyo unachimba kila mlio: misumari, vifuniko vya soda, nyaya, vipande vya sururu za waliokutangulia. Katika eneo kama bonde la Lupa, Chunya, ambalo limechimbwa tangu miaka ya 1920, takataka za chuma ni nyingi mno.

Kwa anayeanza, VLF inatosha kama udongo ni wa kijivu, wa mchanga, au kama unatafuta juu ya mwamba uliofagiliwa na kwenye marundo ya zamani ya marudio. Udongo ukiwa mwekundu uliokolea na kuna ushahidi wa vipande vya zaidi ya gramu moja, ni afadhali watu watatu wachangie PI moja kuliko kila mmoja kununua VLF itakayolala ndani.

Kuna kundi la tatu ambalo halistahili hata kulinganishwa: vifaa vyenye antena mbili vinavyodai kuonyesha dhahabu umbali wa mamia ya mita au kilomita. Havifanyi kazi. Na mashine maarufu zinaigwa hadi nembo na boksi, kwa hiyo namba ya mashine ihakikiwe na wakala wa kampuni kabla ya malipo.

Kinachopaswa kuongezwa kwenye detekta yoyote ni pinpointa, kile kidetekta cha mkononi chenye umbo la karoti. Garrett Pro-Pointer AT inazama hadi mita 6 majini na hutumia betri moja ya volti 9, jambo la maana mahali ambapo betri za kuchaji hazina pa kuchajiwa. Bila pinpointa, punje ya nusu gramu inaweza kukuchukua dakika kumi ndani ya kifusi. Kwa punje ndogo kabisa haiisikii mpaka iguse, na hapo kibakuli cha plastiki kinaishinda, kama tutakavyoeleza.

Vifaa vya kuchimbia

Hapa ndipo watu hubana matumizi vibaya. Mashine ya mamilioni inafuatwa na jembe lililolegea mpini. Kwenye ardhi yenye milio mingi, atakayepata zaidi ni yule anayefungua shimo la sentimita 25 kwa dakika mbili bila kuchoka.

Sururu ndogo ndiyo silaha ya ardhi kavu na ngumu. Kichwa cha kati ya kilo moja na kilo moja na nusu, upande mmoja ukiwa na ubapa wa sentimita 7 hadi 10 wa kukwangulia, mwingine ncha ya kuvunjia, mpini wa sentimita 70 hadi 90. Sururu kamili ya barabarani ina nguvu zaidi, lakini kuizungusha kutwa nzima huku mkono mwingine umeshika mashine kunavunja mgongo, na shimo lake ni kubwa kuliko linalohitajika. Mhunzi anayefua springi ya gari kuukuu anaweza kutengeneza kichwa kizuri kuliko vingi vya dukani, maana chuma hicho kina ugumu wake tayari. Mwangalie mambo mawili. Tundu la mpini liwe limefuliwa kutoka kwenye chuma chenyewe. Kama ni bomba lililochomelewa, uchomeleaji utapasuka ukiipiga kwenye jiwe. Ncha isipoozwe kwenye maji ikiwa nyekundu sana, itakuwa ngumu kama kioo na kukatika. Mpini uwe wa mti mgumu uliokauka, umefungwa kwa kabari. Ukipwaya, usiuloweke maji kila siku ukidhani umetibu, mti ukikauka tena unapungua zaidi. Ongeza kabari.

Gundisha au funga sumaku imara nyuma ya kichwa cha sururu. Ukipiga kifusi nayo mara moja, misumari na makapi ya chuma yanakamatwa, na mlio ukitoweka umeokoa dakika tano.

Kisu cha kuchimbia, au sepetu ya mkono, ni cha udongo laini, kingo za mito, nyasi na mizizi. Kizuri kina urefu wa ubapa wa sentimita 15 hadi 18, chuma kimoja kisicho na kiungo, ukingo mmoja wenye meno ya kukata mizizi, na kinga ya mkono. Za kampuni ya Lesche ya Marekani ndizo mfano ambao wengine huuiga. Mwiko wa fundi ujenzi unafanana nacho kwa mbali, na wengi hujaribu kuokoa hela hapo. Shingo yake imetengenezwa kubeba udongo wa saruji, kwa hiyo inapinda siku ya kwanza ukiutumia kung'olea jiwe. Kama hela ni ngumu, panga kuukuu lililokatwa na kunolewa ncha ni bora kuliko mwiko.

Chepe la mpini mrefu ni la mtoni. Chagua lenye ncha ya mviringo, linazama kwenye kokoto, la mraba linagonga na kurudi. Kwenye mto, dhahabu inakaa chini kabisa juu ya mwamba, kwa hiyo chepe linasafisha njia tu. Mwamba ukifikiwa, linawekwa kando na kazi inaingia mikononi mwa vifaa vya nyufa: mtalimbo wa mita moja na nusu wa kupanua ufa, tindo na nyundo ya kilo moja, bisibisi iliyopindwa ncha, kijiko cha chuma na burashi ngumu. Vikombe viwili vya udongo uliokwanguliwa ndani ya nyufa mara nyingi vina thamani kuliko ndoo kumi za kokoto za juu. Anayeosha dhahabu ya mto anaweza kuahirisha vifaa vyote vya sehemu hii isipokuwa chepe na hivi vya nyufa.

Kwa pwani, mtu anayetafuta pete na sarafu kwenye mchanga wa ufukweni anahitaji kitu kingine kabisa, yaani upawa wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu ya milimita 8 hadi 10. Ukiwa na mpini mrefu unafanya kazi majini hadi magotini, wa mpini mfupi ni wa mchanga mkavu tu. Sururu huko haina maana yoyote.

Chuma kisichoshika kutu huuzwa kwa maelezo kwamba hakiisumbui detekta. Ni kweli kwamba baadhi ya aina zake hazivutwi na sumaku, lakini zinapitisha umeme, na detekta inazisikia. Chombo chochote cha chuma kikae angalau mita moja kutoka kwenye koili, lile duara la chini la detekta linalopitishwa juu ya ardhi. Viatu vyenye ncha ya chuma navyo visivaliwe.

Kibakuli cha plastiki hakina mbadala. Kata dumu la mafuta ya kula la lita tatu kwa mshazari, upate upawa wenye mdomo mpana. Mlio ukihama kutoka shimoni kwenda kwenye kifusi, jaza upawa, upitishe juu ya koili. Ukilia, mwaga nusu mkononi, pitisha tena. Endelea kugawa nusu kwa nusu mpaka unabaki na kijiko kimoja, kisha mwagia polepole juu ya koili. Punje ikianguka inatoa mlio mfupi mkali. Usichimbe juu ya mlio wenyewe. Pitisha koili kwa njia mbili zinazopishana, weka alama, kisha fungua pembeni sentimita kumi ukiingia chini yake, ili ncha ya sururu isikate kipande ambacho thamani yake inapungua kikikwaruzwa.

Kwa eneo lako

Aliye kando ya mto wenye unga anunue la plastiki inchi 14 na la inchi 10, machekeche mawili, ndoo mbili, chepe la ncha, vifaa vya nyufa, beseni pana. Detekta asiifikirie mwaka huu. Kuoshea kwenye beseni badala ya kusimama mtoni ni jambo la afya pia, kichocho kimejaa kwenye maji ya Kanda ya Ziwa, na buti za mpira hazizuii maji yanayoingia kwa juu.

Aliye kwenye nchi kavu yenye vipande anahitaji karai moja la plastiki la kupimia kifusi, sururu ndogo yenye sumaku, dumu lililokatwa, pinpointa, halafu ndipo mashine. Anayepata mawe ya mwamba anahitaji nyundo nzito, kinu cha chuma, wavu wa mbu na karai. Kifaa chochote cha ziada kisubiri karai lionyeshe kiwango cha dhahabu katika kila kilo ya jiwe.

Tanzania, kutafuta au kuchimba bila leseni ni kosa, hata kwa karai. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya miaka saba, inahuishwa, na ni ya Watanzania. Asiye nayo afanye makubaliano ya maandishi na mwenye leseni, yakitaja mgawo. Dhahabu inauzwa kwenye masoko ya madini, ambayo la kwanza lilifunguliwa Geita mwaka 2019. Kenya inafuata Sheria ya Madini ya 2016, yenye kibali chake cha mchimbaji mdogo. Magofu ya kale kama ya Kilwa Kisiwani au Gedi hayapitishwi detekta kabisa, pande zote mbili za mpaka. Mashimo ya detekta yafukiwe, ng'ombe wanavunjika miguu, na shimo likipita kina cha kiuno bila nguzo, toka.

Jaribu kabla ya kulipa

Muuzaji wa detekta atatoa pete ya dhahabu aipitishe hewani, mashine italia kwa furaha. Jaribio hilo halikuambii lolote: pete ni duara kubwa la metali inayopitisha umeme, na hewani hakuna udongo wa kusumbua. Nenda na mfuko wa kilo tano za udongo wa eneo lako, umwage sakafuni, mbali na nondo za zege. Fukia kipande cha risasi chenye ukubwa wa punje ya mtama sentimita tano ndani yake. Iache mashine ijilinganishe na udongo kwa kuinua na kushusha koili mara kadhaa, kisha ipitishe. Lazima usikie tofauti ileile ukipita kutoka kulia na kutoka kushoto. Kama inalia kila mahali, au inasikia kwa upande mmoja tu, iache dukani, hata ikipunguzwa bei. Gonga koili kwa kidole pia. Ikitoa mlio kwa kuguswa tu, waya wa ndani umelegea au plagi ina unyevu, na itakuchosha kwa milio ya uongo kwenye kila kijiti cha nyasi.